Kioo cha Mbele Hakionyeshi: Anza na Kidole

Mvua za Mwanza hupenda alfajiri. Usiku nchi kavu hupoa upesi, ziwa linabaki na joto lake la mchana, hewa yenye unyevu inapanda juu ya maji na kugeuka mawingu, na ikifika saa 10 au 11 ngurumo zimeshaanza. Ndiyo saa ambayo sisi wenye magari madogo ya mizigo tunatoka Mwaloni Kirumba, soko la samaki lililo ufukweni, na mzigo wa samaki.

Novemba moja nilikuwa napeleka sato Magu. Nilipokaribia Kisesa kioo cha mbele kilitanda ukungu mweupe. Nikafanya wanachofanya wengi: nikafuta kwa kiganja, nikapata kitundu cha ukubwa wa sahani, nikaendelea na safari. Kupitia kitundu hicho sikumwona mtu wa baiskeli aliyebeba magunia mawili ya mkaa, hana taa, mpaka nilipokuwa naye ubavuni. Kioo cha pembeni kiligonga gunia. Hakuanguka. Alishuka, akalishika gunia lake lisidondoke, akaniangalia bila kusema neno. Miaka imepita na macho yale bado ninayo.

Tangu siku ile siondoi gari kama kioo hakionyeshi kutoka kona hadi kona. Nimejifunza pia kwamba tunachokiita "ukungu" ni matatizo matano au sita tofauti, na dawa ya moja huweza kuwa sumu ya jingine. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza chochote, simama pembeni, taa za tahadhari zikiwaka, kisha tumia kidole.

Pitisha kidole kwenye kioo kwa ndani. Kikiacha njia safi na ncha yake imelowa, maji yako ndani. Kama ndani hakuna kilichobadilika, shuka upitishe kidole kwa nje. Njia ikitokea huko, unyevu uko nje na kiyoyozi chako ndicho kinachouita. Kidole kikiteleza na kuacha alama yenye mng'ao kama wa mafuta, huo ni utando. Na kama pande zote mbili ni kavu na safi lakini bado huoni vizuri mvua ikinyesha, lawama ni ya waipa au ya kioo chenyewe.

Maji yako ndani, na yameanza baada ya kuingia garini

Hili ndilo la kawaida kuliko yote. Watu wanne wamepanda wakiwa wamelowa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, kila pumzi inatoa mvuke. Mvua nayo inapoza kioo kwa nje. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba karibu gramu 30 za maji katika kila mita moja ya ujazo; ikishuka hadi nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 tu. Zile zilizozidi lazima zishuke mahali, na zinashukia kwenye kitu chenye baridi kuliko vyote garini, ambacho ni kioo.

Angalia kwanza kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojizungusha ndani yake. Kikiwa kimewaka, gari linarudisha hewa ileile ya pumzi zenu. Madereva wengi hapa mjini hukiwasha Januari kwa ajili ya vumbi na joto, kisha hukisahau mpaka masika. Kizime, ili hewa iingie kutoka nje. Elekeza feni kwenye kioo, washa kiyoyozi, na kipimo cha joto ukipeleke upande wa vuguvugu, si kwenye baridi kali.

Hapo ndipo abiria hushangaa: kiyoyozi na joto kwa pamoja? Ndiyo. Kiyoyozi kazi yake si kupoza tu, kinakausha. Hewa ikipita kwenye mabomba yake ya baridi huacha maji, na maji hayo ndiyo yale unayoyaona yakidondoka chini ya gari lililosimama. Ikishakauka na kupashwa moto kidogo, hewa hiyo ikigusa kioo inanyonya unyevu kama kitambaa kikavu. Dakika mbili au tatu zinatosha kwa gari lenye kiyoyozi kizima.

Magari mengi yetu gesi ya kiyoyozi iliisha zamani. Kwa hayo, washa hita na feni kwa nguvu kuelekea kioo, kisha shusha madirisha mawili, moja kila upande, kiasi cha vidole viwili. Mtalowa bega kidogo. Hewa ya moto inabeba maji mengi zaidi, na ule uwazi unaitoa nje. Hita bila kufungua dirisha huchelewa, kwa kuwa mvuke mwingi unabaki ndani na kutafuta kioo cha nyuma.

Usifute kwa kiganja. Kiganja kina mafuta, na pale kilipopita ukungu wa kesho utashika kwa mabaka. Weka kitambaa safi cha pamba mfuko wa mlangoni, nacho kisifanye kazi nyingine yoyote.

Maji yako ndani kila asubuhi, hata gari likilala bila mtu

Hapa usihangaike na vitufe. Gari lina maji yaliyojificha, na kila asubuhi yanapanda kutoka chini hadi kwenye kioo. Jioni tandaza gazeti kavu chini ya kila zulia la miguu, funga milango, lala. Asubuhi gazeti lililolowa litakuambia upande gani uanze nao.

Upande wa kushoto mbele, kwa abiria, mara nyingi ni bomba dogo la kutolea maji ya kiyoyozi lililoziba. Katika magari yetu ya usukani wa kulia sehemu ya baridi ya kiyoyozi hukaa nyuma ya kile kisanduku cha dashibodi, na bomba lake hutokea chini karibu na ukuta wa injini. Jipime hivi: washa kiyoyozi nusu saa siku yenye unyevu, kisha chungulia uvunguni. Pakiwa pakavu kabisa na kapeti limelowa, umepata. Fundi anazibua kwa waya laini au kwa kupuliza upepo, na haichukui muda.

Ikiwa maji yanaingia mvua ikinyesha tu, fungua boneti uangalie mfereji ulio chini ya waipa. Anayeegesha chini ya mwembe atakuta majani yameoza humo na matundu ya kutolea maji yamezibwa. Maji yakikosa njia huingia kwenye tundu la hewa safi na kushukia miguuni. Toa majani kwa mkono, mimina lita moja ya maji taratibu, uone kama yanatokea chini nyuma ya magurudumu ya mbele. Baada ya hapo ndipo uende kwenye raba za milango: bana karatasi mlangoni, funga, vuta. Ikitoka kirahisi, raba pale imelala.

Na kwetu sisi wa samaki kuna sababu ya tatu ambayo sijaona gereji inaiuliza: barafu. Kwa miezi miwili nilikuwa namlaumu fundi aliyenibadilishia raba, mpaka mama mmoja tunayefanya naye biashara Mwaloni akanyanyua kapeti la nyuma kutafuta shilingi yake iliyodondoka. "Mwanangu," akasema, "huku chini mbona kama mwaloni?" Kweli, sponji iliyo chini ya kapeti ilikuwa imeshiba. Ukiikanyaga inatoa maji ya kijivu yenye magamba. Gunia la sangara lenye mabonge ya barafu linayeyuka safari nzima, na turubai niliyotandika ilikuwa na tundu moja tu, la ukubwa wa kichwa cha msumari.

Kapeti la namna hiyo halikauki kwa kufungua madirisha, wala mkaa na chumvi ndani ya kitambaa havifanyi kitu kwa maji mengi vile. Fungua viti, nyanyua kapeti lote, toa sponji, osha kwa sabuni, anika juani siku mbili au tatu. Sakafu ya bati ipangushe na uikague kutu. Mimi tangu hapo barafu husafiri kwenye ndoo kubwa za plastiki zenye mfuniko, na maji yake nayamwaga nikifika, si njiani.

Ukungu wa ndani wenye harufu tamu

Kama ukungu unaongezeka pale unapowasha hita, unaacha kioo kikinata, na pua inapata harufu tamu kama ya sharubati, simamisha mawazo yote mengine. Hiyo ni koolanti, yale maji ya kupozea injini, inayovuja kwenye rejeta ndogo ya hita, ile iliyo ndani ya dashibodi. Utaona pia koolanti kwenye chupa yake inapungua bila tone chini ya gari. Acha injini ipoe kabisa ndipo ufungue mfuniko wa rejeta. Maji yale yana presha na yanaunguza uso.

Mafundi wengi watakushauri kuikata hita: wanaunganisha mipira miwili pale kwenye injini, koolanti haiingii tena ndani. Inazuia kuvuja, na kama huna fedha mwezi huu inakufikisha. Siipendi kama suluhisho la kudumu. Nimekwisha kueleza kwamba gari lisilo na kiyoyozi linategemea hita kuondoa ukungu, na atakayeikata anabaki na madirisha peke yake. Anayetumia maji ya bomba badala ya koolanti ndiye tatizo hili humrudia, kwa sababu maji matupu yanaleta kutu, na rejeta ya hita ni nyembamba.

Ukungu uko nje

Hutokea usiku wa joto na unyevu, mvua ikiwa imetoka kukatika. Nimeuona mara nyingi kwenye daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, pale upepo wa ziwa unapokukuta katikati ya maji huku ndani umeweka kiyoyozi kwenye baridi ya mwisho. Kioo kinakuwa kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Piga waipa mara moja, utaona kimesafika papo hapo. Kisha punguza baridi, au ugeuze upepo uelekee miguuni. Dereva asiyejua huongeza baridi kwenye kioo, na ukungu unazidi.

Kidole kimeteleza: utando

Utando hauonekani mchana. Unauona jua la jioni likikupiga usoni ukitoka Igoma kuingia mjini, au lori likikuwashia taa kubwa: kioo chote kinageuka maziwa. Kwa ndani unatokana na plastiki ya dashibodi inayopashwa na jua mwaka mzima, moshi wa sigara, mafuta ya dagaa, na zaidi ya yote ile dawa ya kung'arisha dashibodi inayopuliziwa kwenye sehemu za kuoshea magari. Mwambie kijana anayekuoshea: "Mdogo wangu, dashibodi maji tu." Utando huo unasaidia ukungu kushika upesi, hivyo kuuondoa kunapunguza matatizo mawili kwa kazi moja. Tumia vitambaa viwili, kimoja chenye maji na spiriti kidogo, kingine kikavu, na ubadilishe upande wa kitambaa mara kwa mara. Kitambaa kimoja kinahamisha mafuta tu. Kioo chenye tinti usikiguse na dawa yenye amonia, kwani inaharibu tinti.

Kwa nje, wanaokaa kando ya ziwa wanaijua siku ya wadudu. Wanapanda kutoka majini kwa wingi unaofanana na moshi, wengi wao mwezi unapoandama, na wanafuata taa. Ukiegesha Kirumba au Bwiru chini ya taa ya mlango, asubuhi kioo kimevaa shati la kijani. Hapa waipa ikipita kavu imekwisha: miili yao ina mafuta, itasambaa kioo kizima na kuingia kwenye mpira. Lowesha taulo kuukuu, litandaze juu ya kioo, liache dakika kumi huku ukinywa chai, kisha livute kutoka juu kwenda chini. Wataondoka nalo. Malizia na maji ya sabuni na usafishe mpira wa waipa.

Kioo ni safi, mvua inanyesha, bado huoni

Jua la hapa halihurumii mpira. Waipa inayolala juu ya kioo kinachochemka kila adhuhuri inakauka, inapinda, inapasuka midomo. Ikiacha mistari myembamba ya maji, futa mdomo wa mpira kwa kitambaa chenye spiriti. Kitambaa kikitoka cheusi rudia mpaka kitoke safi, na mara nyingi mistari inakwisha. Mpira uliochanika haurekebishiki. Ikiruka na kulia upande mmoja tu, mkono wake umepinda na mpira haugeuki unapobadilisha mwelekeo. Fundi anaunyoosha kwa spana mbili. Ikiacha eneo zima bila kufuta, springi ya mkono imechoka. Badilisha mipira kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, usingoje siku ya mvua, maana siku hiyo kila mtu yuko dukani.

Waipa zikigoma kabisa, sikiliza. Kimya: anza na fyuzi. Mota inalia lakini mkono hauendi: nati iliyo chini ya kile kikofia cheusi kwenye shina la mkono imelegea. Na kama maji ya kuoshea hayarushwi ingawa pampu inasikika, zibua tundu kwa pini, kisha acha kujaza maji ya ziwa. Mwani ndio unaoziba.

Barafu na theluji

Mdogo wangu yuko Winnipeg, Kanada, ambako asubuhi ya Januari nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida. Mwaka wake wa kwanza alinipigia akiwa amekaa ndani ya gari, akilalamika kwamba kioo kina barafu kwa ndani. Nikamwambia anyanyue kapeti. Theluji iliyokuwa ikiingia na viatu vyake iliyeyuka humo kila siku, usiku ikapanda na kuganda kwenye kioo. Ni kapeti langu la sangara, tofauti ni baridi tu. Siku hizi anakung'uta viatu kabla ya kuingiza miguu, na ana zulia la mpira lenye kingo.

Barafu ya nje amenifundisha yeye. Usimwage maji ya moto: kioo kinaweza kupasuka kwa mshtuko wa joto, na yale maji yenyewe yanaganda tena baada ya muda mfupi. Anawasha gari, anaweka upepo kwenye kioo na kuongeza joto polepole, huku akikwangua kwa kikwangulio cha plastiki, si cha chuma. Maji yaliyochanganywa na spiriti yanalainisha barafu kwa sababu spiriti inaganda kwenye baridi kali zaidi. Waipa zilizoshikwa na barafu haziwashwi mpaka ziachie, la sivyo mpira unachanika au mota inaungua. Theluji ya juu ya paa nayo anaiondoa yote, maana akipiga breki inateleza na kufunika kioo chote cha mbele. Na kabla ya kuwasha injini anaangalia bomba la moshi kama limezibwa na theluji. Likizibwa, moshi wenye sumu unaingia ndani, na sumu hiyo haina harufu.

Hata bila kupanda ndege, dereva wa Mwanza anayepeleka mzigo Makete mwezi wa Juni au Julai anaweza kukuta sakitu kwenye kioo asubuhi, kwa kuwa nyanda za Kitulo zinafika baridi ya kugandisha umande. Kanuni ni zile zile. Nayo ile ya maji ya moto tunayo toleo lake hapa: kioo kilichopigwa jua saa 8 mchana, chenye alama ya jiwe la lori, ukikimwagia maji baridi ule ufa mdogo unaweza kukimbia hadi pembeni ukiwa umesimama unautazama.

Kila kitu kimefanyika, na taa za wengine bado zinakuumiza

Egesha usiku mkabala na taa moja, kioo kikiwa kisafi na kikavu. Ukiona nyota nyingi ndogo zimeizunguka ile taa, kioo kimeliwa na mchanga na mawe ya barabarani, pamoja na miaka ya waipa kavu. Ukiona upinde mmoja mrefu unaofuata njia ya waipa, kuna siku mpira ulikwisha na chuma kikakwangua. Mikwaruzo ambayo ukucha unaishika haing'arishiki bila kupotosha picha ya barabara, na mimi singekubali ing'arishwe mbele ya macho ya dereva. Badilisha kioo. Muulize fundi gundi yake inahitaji saa ngapi kabla gari halijaondoka, umwachie saa hizo zote, na siku ya kwanza acha dirisha moja wazi kidogo, ili mlango ukifungwa kwa nguvu hewa isikisukume kioo kipya kabla hakijashika.